Mkanda wa Kipaimara

Walisema sitafika popote. Mjomba wangu, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, alisema nitafika Ngerengere, nishuke kununua miwa, treni iniache, nirudi kwa miguu. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema masomo ya juu nitayasikia redioni. Na mwenye studio ya picha, mzee ambaye habari hii inamhusu kuliko wote, alinishika bega mbele ya duka lake pale Morogoro Mjini, siku nilipokwenda kumuaga kwa adabu, akawaambia wateja wake: "Huyu ni mtoto wa mkanda mtupu. Ataondoka mtupu, atarudi mtupu." Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa kuwa nilikuwa kijana na sikujua mahali pa kuiweka sura yangu.

Nimerudi na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Niliisomea jioni, Afrika Kusini, baada ya kutwa nzima ya kubeba mafaili ya wagonjwa kwenye ghala la hospitali. Hakuna aliyenishika mkono. Nimeitia kwenye fremu na kuitundika juu ya meza yangu ya kazi, mahali ambapo mtu akiingia hawezi kuikwepa. Nina skana ya kusoma negativu, kompyuta mbili, na chumba changu mwenyewe karibu na soko. Watu husema najisifu. Kweli najisifu. Asiyewahi kuchekwa na anyamaze.

Sasa nieleze mkanda mtupu ni nini.

Baba yangu alikuwa mpiga picha wa kutembea. Alipanda Milima ya Uluguru na kamera shingoni, akipiga harusi, ubatizo, na wazee waliotaka kuacha sura zao kabla ya kufa. Hakuwa na chumba cha giza. Mikanda yote, ya mjini na ya milimani, ilisafishwa na mtu mmoja, mwenye studio, kwa sababu dawa na vifaa alikuwa navyo yeye peke yake. Kazi ikaenda hivyo miaka mingi, mpaka siku askofu alipopanda kwenye misheni ya kijijini kwetu kutoa kipaimara. Parokia ikamchagua baba apige picha. Mwenye studio ikamwacha. Hilo ndilo kosa pekee ninalolijua la baba yangu.

Baba alipiga mkanda mzima, akaushusha mjini yeye mwenyewe. Baada ya siku chache akaitwa dukani. Mwenye studio aliufungua mkanda mbele ya wateja, akauinua kwenye mwanga wa mlango. Ulikuwa mweupe kama maji ya kisima.

"Ndugu yangu," alisema, "kamera yako ilikuwa haivuti mkanda. Siku nzima ulikuwa unawamulika watu flashi tu."

Utabishana vipi na kitu ambacho kila mtu amekiona?

Masika yale, binti mmoja kati ya waliopata kipaimara alikufa kwa homa. Kwetu mtu akizikwa, picha yake hutangulia mbele ya jeneza. Binti yule hakuwa na picha yoyote duniani zaidi ya ile aliyopigwa na baba. Mama yake alikuja mlangoni kwetu na fremu aliyokwisha kuinunua, haina kitu ndani. "Mpiga picha," alisema, "nipe mwanangu." Baba alisimama na kofia mkononi. Yule mama akaondoka na fremu yake, na tangu siku hiyo kila kisicho na kitu ndani akakiita mkanda mtupu. Hindi lisilo na punje, mkanda mtupu. Chungu kisicho na mboga, mkanda mtupu. Mgombea aliyeahidi barabara, mkanda mtupu. Neno lilikuwa tamu mdomoni, kijiji kizima kikalipokea. Leo watoto wanalisema na hawajawahi kuona mkanda wa picha.

Baba hakuitwa tena kupiga picha. Mwenye studio akachukua kazi za parokia zote za milimani. Baba akalima karoti mpaka alipokufa, mimi nikiwa mbali. Nilisimuliwa kwamba hata msibani mtu alinong'ona, "Chungulieni jeneza, lisije likawa mkanda mtupu."

Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa akisema vingine. "Mkanda haukuwa mtupu," alisema miaka yote. "Mashine ilikuwa inavuta, nilikuwa naisikia. Na picha ya mwisho alinipiga mimi. Aliniambia, 'Imebaki moja, kaa hapo kwenye ukuta.' Nilikuwa namenya chungwa." Watu walimsikiliza kwa huruma ile ya kumsikiliza mke wa mlevi. Mwishowe akaacha kwenda harusini, maana harusini kuna wapiga picha, na penye mpiga picha hapakosi mtu wa kulitaja lile neno. Mama sasa ni mzee. Ndiyo maana nilirudi. Nilitaka, kabla hajafumba macho, watu wale wale waliomwona mwongo wamsikie akisema kweli.

Na nilijua pa kutafutia. Kwanza, katika biashara ile mteja alipewa picha, negativu, yaani mkanda wenyewe uliosafishwa, ikabaki studio, ili akitaka nyingine arudi hapo hapo. Mwenye studio alitajirika kwa utaratibu huo. Pili, kwetu negativu yenye sura ya mtu haichomwi. Ukionekana unachoma sura za watu uani kwako, kesho mtoto wa jirani akiugua utaeleza nini? Wapiga picha wote waliogopa jambo hilo, wasomi na wasio wasomi. Mkanda ule kama ulikuwa na watu ndani yake, basi ulikuwa bado upo, na ulikuwa kwake.

Lakini sikuweza kwenda kumwomba. Angenusa. Nikaanza na wengine.

Nilitangaza baada ya misa kwamba mwenye picha za zamani au negativu anikopeshe, nitaziingiza kwenye kompyuta, nitazisafisha ukungu, nitamrudishia pamoja na nakala mpya, bure. Walizileta kwenye mifuko ya sukari, kwenye makopo ya maziwa, ndani ya vitabu vya nyimbo. Unyevu wa milima ulikuwa umezigandisha picha nyingine kama mikate iliyolowa. Nilizibandua kwa maji safi na subira. Mtu mwingine angeziharibu. Mimi sikuharibu hata moja.

"Mwanangu," bibi mmoja aliniuliza, "ukishamwingiza marehemu humo kwenye mashine, mimi nabaki na nini?"

"Unabaki na picha yako, bibi, na nyingine mpya."

"Yaani awe mahali pawili?"

"Ndiyo, bibi."

"Alipokuwa hai hakuweza kukaa hata mahali pamoja," alisema, akaniachia picha ya mume wake.

Sikufanya kazi hiyo kwa hisani, ingawa padri alinisifu kwa hisani. Nilikuwa natega. Nilizitundika nakala nzuri kwenye ubao wa matangazo wa parokia, wakulima wa mbogamboga wakionekana kama wafalme, nikasubiri. Kiburi cha mwenye studio nilikijua kama ninavyokijua changu. Asingevumilia picha za zamani zisemwe mji mzima na za kwake hazimo.

Alikuja mwenyewe, na bajaji nzima ya maboksi. Amezeeka, ana mtoto wa jicho upande mmoja, lakini kofia yake ya pama ilikuwa imepigwa brashi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unaokota vipicha vya watu wa karoti."

"Naokota, mzee."

Alitazama stashahada ukutani. Aliisoma taratibu, midomo ikitembea. Nilimwacha aisome mpaka muhuri.

"Historia ya mji huu iko kwangu," alisema. "Timu za mpira, viongozi, maharusi. Hao wengine ni mchuzi wa kuongezea."

"Naogopa kuzichukua, mzee. Mzigo mkubwa huo, na mimi ni mtoto wa mkanda mtupu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Bado unalikumbuka! Chukua yote. Sina nguvu ya kuchambua na macho hayaoni. Ila anza na ile yangu nimesimama na mkuu wa mkoa."

Nilianza na hiyo. Mimi ni mtu wa ahadi.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kamera ya baba. Mama alikuwa ameihifadhi chini ya kitanda, imefungwa kwenye kanga. Ndani yake, kwenye dirisha dogo la chuma ambalo mwanga hupitia kwenda kwenye mkanda, kuna pengo mfano wa jino lililong'oka. Baba alilitoboa kwa kisu siku mkanda ulipokatikia ndani. Pengo hilo huacha alama ukingoni mwa kila negativu, chini kushoto. Kwenye picha ya karatasi halionekani, kwa sababu anayechapa hukata kingo. Kwa hiyo katika maisha yake yote baba hakuna mteja aliyeliona jino lile. Skana yangu haikati kingo. Nilikuwa nimeliona kwenye negativu chache ambazo baba aliwahi kurudishiwa, zilizobaki nyumbani kwetu, na nilikuwa nalitafuta.

Nililipata ndani ya boksi la timu za mpira, chini kabisa, kwenye bahasha ya kaki isiyoandikwa kitu. Mkanda umekatwa vipande vipande, kama desturi. Niliuinua dirishani. Kwenye negativu cheupe huwa cheusi, basi nikaona safu ya watoto waliovaa magauni meusi, nyuso zao nyeusi zimekuwa nyeupe, mataji yao kama masizi. Niliweka kipande cha kwanza kwenye skana, na mstari baada ya mstari magauni yakawa meupe, askofu akatokea na fimbo yake, ukuta wa misheni ukatokea, na chini kushoto, jino. Kipande cha pili, jino. Cha tatu, jino. Picha ya mwisho kabisa ilikuwa ya mwanamke kijana ameketi juu ya ukuta mfupi, anamenya chungwa, anamcheka mtu aliyeishika kamera.

Niliipeleka kompyuta milimani kwa mama. Aliisogelea picha ile.

"Chungwa lile," alisema, "lilikuwa chachu."

Kisha akaniuliza aliyekuwa nayo ni nani, ingawa alijua. Nikamwambia. Nikamuuliza kama anataka nimwachie Mungu.

"Padri akiniuliza, nitasema nimesamehe," alijibu. "Wewe si padri."

Jambo moja lilibaki. Mimi ni kijana mbele ya mzee yule. Ningesimama kumshitaki hadharani, watu wangesahau mkanda, wangezungumza juu ya adabu yangu na stashahada iliyonipanda kichwani. Mzee wa namna ile anaweza kuambiwa maneno makali na mtu mmoja tu, naye ni mtani wake. Mtani akikuvua nguo hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye uliyeshindwa. Na mtani wake, kwa ukoo, alikuwa yule mama aliyefiwa na binti, mwenye neno lake la mkanda mtupu.

Sikumpenda mama yule. Njiani nilipanga kuiweka picha ya mwanawe mezani na kumwambia, "Haya, sema tena." Nilipofika alikuwa anachambua mbegu za maharage. Ukutani kwake ilining'inia ile fremu, tupu mpaka leo.

Nikafungua kompyuta. Aligusa kioo kwa kidole chenye udongo.

"Taji limepinda," alisema mwishowe. "Nilimwambia alinyooshe. Alikuwa mbishi."

Akapangusa kioo kwa ncha ya kanga yake.

"Nani alikuwa naye miaka yote hii?"

"Mtani wako."

Alizirudisha mbegu kwenye ungo, moja moja. "Mama yako nimemkosea sana," alisema. "Hilo nitalizungumza na yeye, si na wewe. Siku ya kurudisha picha za watu ni lini?"

"Jumapili ijayo, baada ya misa, ukumbini."

"Nitunzie kiti cha mbele."

Jumapili hiyo ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Nilikuwa nimefunga mapazia, nimeweka projekta, nimevaa suti niliyoshona Afrika Kusini. Niliwaita walionikopesha mmoja mmoja. Kila mtu aliona picha zake zinang'aa ukutani, kisha akapokea bahasha: zake alizozileta, na mpya juu yake. Waliokuwa wananicheka walinipa mkono. Mjomba alikuja na picha yake ya ujana na suruali ya bomba, ukumbi ukalia kwa kicheko, naye akaninong'oneza, "Kumbe ulipita Ngerengere." Nilimwambia, "Nilipita, mjomba. Na miwa nilinunua."

Mwenye studio nilimweka mwisho. Aliketi mbele, kofia kichwani. Zikapita timu za mpira, maharusi, kisha yeye na mkuu wa mkoa. Watu wakampigia makofi. Akainua mkono kama anayebariki.

Nikabonyeza. Kipaimara kikajaa ukutani.

Watu walianza kwa kelele za furaha. "Huyo mimi!" "Tazama dada yako!" Walikuwa wazee wa leo wanajitazama wakiwa watoto. Kisha kelele zikapungua zenyewe, kwa sababu kila mtu alikuwa anafanya hesabu ile ile. Picha za siku ile hazikuwepo. Kila mtu alijua hazikuwepo.

"Hizo," mwenye studio alisema, akijinyoosha, "hizo nilipiga mimi. Nilikuwepo pia."

Nilikuwa nimemwekea mlango huo wazi. Nikabonyeza ya mwisho. Mama yangu kijana, chungwa mkononi, anacheka meno yote nje. Nyuma ukumbini mama yangu mzee alikuwa amesimama, kanga kichwani, uso ni ule ule.

Ndipo mtani akainuka.

"We mtani wangu! Hii nayo ulipiga wewe?"

"Nilipiga... zote."

"Mke wa mwenzio akakukalia ukutani, akakumenyea chungwa, akakuchekea namna hii? Mumewe yuko wapi, amekwenda kukuletea chumvi?" Ukumbi ulipasuka. Yeye hakucheka. Akangoja watulie. "Haya, tuseme ulipiga wewe. Mwanangu tumemwona hapa sasa hivi, taji limepinda. Ulikuja msibani kwangu, ukala ubwabwa wangu, ukaiona fremu haina kitu. Mbona ulinificha mwanangu? Na kama hukupiga wewe, ulimtoa wapi?"

Mzee alitazama kulia na kushoto, akitafuta mtu wa kumkasirikia, na mtani hakasirikiwi. Mimi nilishika kidude cha projekta, na adabu zangu zote.

"Nilitaka kuuteketeza," alisema, sauti ndogo. "Mkanda. Mwenzangu nilimpa mkanda mwingine, usio na kitu. Ule wenyewe nikawasha moto uani, nikashindwa. Mtoto alikuwa ameshakufa. Nitachomaje sura ya maiti?"

Ningeweza kueleza habari ya jino. Nilikuwa nimeandaa picha za kingo, zimekuzwa vizuri, kitaalamu. Hazikuhitajika, na nakiri ziliniuma kubaki mfukoni.

Mtani alimsogelea, akamvua kofia ya pama kichwani. Ni haki yake. Mtani akichukua kitu chako, huondoki nacho mpaka ukikomboe kwa anachokitaka yeye. Kipara cha mzee kiling'aa kwenye mwanga wa projekta. Mama yule akapita katikati ya ukumbi, watu wakimpisha, mpaka kwa mama yangu. Akapiga goti.

"Mwenzangu," alisema, "ulisema kweli, nami nikakufanyia neno."

Mama alimtazama. "Lilikuwa neno zuri," alisema. "Ndiyo maana liliuma." Akamwinua. Mtani akamvika ile kofia.

Nilimrudishia mwenye studio maboksi yake yote, yamefutwa vumbi, kila negativu kwenye karatasi yake, bora kuliko alivyoyaleta. Mtu asije akasema sikurudisha. Nilibakiza bahasha moja ya kaki, na hakuiulizia. Mama wa binti nilimpa picha ya mwanawe, saizi ya fremu yake. Niliipima siku ile kwa macho. Baada ya hapo meza yangu ilikuwa haina kitu. Kila aliyenikopesha nilimlipa, kwa alichonikopesha.

Tulitoka nje juani. Mzee aliketi ngazini, kichwa wazi, akisubiri bajaji yake. Alimwita mama yangu, kwa mara ya kwanza kwa heshima.

"Mama, kofia yangu."

Mama alikuwa tayari anapanda nyuma ya bodaboda, pama imemkaa upande.

"Nakaa kule kule juu," alimwambia. "Njoo uikomboe. Uje kwa miguu, kama alivyokuwa akipanda mume wangu."